Maswali na Majibu: Uvungu Unaofanya Kazi

Makala yetu iliyopita kuhusu vifaa ambavyo kazi yake hufanyika katika uwazi ulio ndani yake imeleta maswali kadhaa. Tunajibu matano.

Mwalimu wetu anasema leza haiwezi kufanya kazi bila uvungu wenye vioo viwili. Nafasi tupu inafanya nini hapo? (Mwanafunzi wa kidato cha sita, Morogoro)

Inachagua. Mwanga ulionaswa kati ya vioo viwili vinavyotazamana huenda na kurudi, na kila unaporudi hukutana na mwanga uliotangulia. Ikiwa safari nzima ya kwenda na kurudi inatosha mawimbi kamili, bila kipande kubaki, vilele huangukia juu ya vilele na mwanga hupata nguvu. Vinginevyo kilele hukutana na bonde, na mawimbi hufutana. Mpiga filimbi anaijua kanuni hii kwa masikio, kwa maana urefu wa hewa iliyomo ndani ya filimbi ndio unaoamua sauti itakayotoka. Wafaransa Charles Fabry na Alfred Perot waliunda kifaa cha vioo viwili vya namna hiyo mjini Marseille mwishoni mwa karne ya 19, nacho kikawa chombo cha kupimia urefu wa mawimbi ya mwanga. Theodore Maiman alipowasha leza ya kwanza nchini Marekani, Mei 1960, alitumia fimbo fupi ya yakuti ambayo ncha zake zilipakwa fedha, na ncha hizo ndizo zilizokuwa vioo. Kwa hiyo, kusema kweli, uvungu ule haukuwa mtupu hata kidogo: ulijaa yakuti. Kinachohitajika ni mipaka miwili inayorudisha mwanga. Utupu si sharti.

Katika maabara yetu ya mazingira tumeonyeshwa kifaa kinachopima methani kidogo sana hewani kwa kutumia mwanga peke yake. Hilo linawezekanaje? (Fundi sanifu, Nakuru)

Gesi kidogo hunyonya mwanga kidogo, kwa hiyo dawa yake ni kuirefusha njia ambayo mwanga unapita ndani ya gesi. Chukua vioo viwili vilivyo umbali wa mita 1, kila kimoja kikirudisha asilimia 99.99 ya mwanga unaokifikia. Mwanga ukishaingia na leza ikakatwa, utasafiri takriban kilomita 10 kabla haujafifia na kubaki kama theluthi moja hivi, na safari yote hiyo huchukua sehemu 33 za milioni moja ya sekunde. Ukiingiza methani, na leza ikiwa ya rangi ambayo gesi hiyo huinyonya, mwanga hufifia mapema zaidi, na tofauti ya muda ndiyo inayokupa kiasi cha gesi. Uzuri wa njia hii ni kwamba unapima muda, si ukali wa mwanga, kwa hiyo leza ikiyumbayumba kidogo haikuharibii jibu. Adui yake ni vumbi: likitua juu ya vioo, mwanga hufifia kabla hata gesi haijaingia. Chungeni sana kichujio cha hewa.

Je, ni kweli kwamba ukuta wa kanisa mjini London ndio uliozaa vitambuzi vya protini? (Msomaji, Zanzibar)

Kuzaa ni neno kubwa, lakini undugu upo. Katika kuba la Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo, mnong'ono wa mtu aliye ukutani husikika upande wa pili, na mwanafizikia Mwingereza Lord Rayleigh alieleza kwamba sauti hutambaa ikiufuata ukuta wa mviringo. Mwanga nao huzunguka vivyo hivyo ndani ya kitufe, yaani kijimpira, kidogo sana cha kioo, na protini ikinata juu ya kitufe hicho, rangi inayokubaliana na mzunguko wake husogea kidogo. Msogeo huo ndio unaosomwa.

Ndugu yangu anayeishi na VVU alipata homa ya uti wa mgongo ya fangasi, tukaambiwa dawa yake "imefungwa ndani ya vipira vya mafuta". Tuamini? (Msomaji, Kampala)

Aminini, ila kwa marekebisho. Vipira hivyo huitwa liposomu: kuta zake ni tabaka mbili za mafuta ya aina iliyomo katika utando wa seli zetu, na ndani mna maji. Dawa ya ndugu yako, amfoterisini B, haikai katika uwazi wa katikati, bali hukaa ukutani, kwa sababu haipendi maji. Dawa ya saratani doksorubisini ndiyo hujazwa katikati, na toleo lake la liposomu liliidhinishwa Marekani mwaka 1995. Faida kwa mgonjwa wenu ni kwamba amfoterisini ya kawaida huumiza sana figo, na kuifunga hivi hupunguza madhara hayo. Baada ya utafiti uliofanyika katika nchi tano za Afrika, Uganda ikiwemo, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2022 dozi moja kubwa ya miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito, pamoja na siku 14 za flusitosini na flukonazoli, ambazo nazo ni dawa za fangasi. Zamani dripu zilikuwa za siku nyingi.

Kapsuli za itrakonazoli, dawa ya fangasi, niliambiwa nimeze pamoja na chakula. Ile ya maji nikaambiwa ninywe tumbo likiwa tupu. Mfamasia alikosea? (Msomaji, Tanga)

Hakukosea. Itrakonazoli haiyeyuki kirahisi katika maji, na ile ya kapsuli huhitaji asidi ya tumbo inayoongezeka wakati wa kula. Katika ile ya maji, molekuli za dawa zimekwisha kuingizwa katika saiklodekstrini, yaani pete za sukari zinazotengenezwa kutokana na wanga, ambazo nje hupenda maji na ndani huyakataa. Dawa hujihifadhi katika tundu la pete, pete huibeba majini, na chakula hapo hupunguza tu kiasi kinachofyonzwa. Usibadilishe aina moja kwa nyingine bila kumuuliza mfamasia huyo huyo, kwa kuwa hata kama miligramu ni zile zile, kiasi kinachofika kwenye damu si kimoja.