Makala za wataalamu zina faida, ila usizisome kama gazeti

Ndugu, umeuliza kama mkusanyiko wa makala za wataalamu wa kuandika programu wa miaka ya 1980 unaweza kumfaa mtu aliyekwisha kumaliza masomo ya mwanzo ya Java, lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Unamfaa sana, ila asome huku anaandika.

Chukua makala za Jon Bentley, mmoja wa wataalamu hao, zilizokusanywa kuwa kitabu mwaka 1986. Moja inaeleza jinsi ya kutafuta kitu kwenye orodha iliyopangwa kwa kuikata nusu kwa nusu. Katikati inapatikana kwa (chini + juu) / 2, ambapo chini ni nafasi ya mwanzo na juu ni nafasi ya mwisho ya sehemu unayotafuta. Kwenye karatasi hesabu hiyo haina kasoro. Lakini mwaka 2006 mhandisi wa programu Joshua Bloch alionyesha kwamba kosa limejificha hapo hapo, na lilikaa ndani ya Java yenyewe kwa miaka kama tisa! Namba nzima ya kawaida ya Java ni ya biti 32 (yaani tarakimu 32 za 0 na 1) na inaishia 2,147,483,647, kwa hiyo orodha ikiwa ndefu mno jumla inafurika, inageuka hasi, na programu inaanguka. Dawa yake ni chini + (juu - chini) / 2.

Andika zote mbili, weka chini bilioni 1.2 na juu bilioni 2, ujionee. Makala nyingine nazo zisome hivyo hivyo: ukishaelewa wazo, funga ukurasa, andika programu upya kwa mkono wako, kisha ijaribu pale inapoweza kukwama, yaani orodha tupu, orodha ya kitu kimoja, kitu kisichokuwepo. Hata makala moja kwa wiki inatosha.