Maswali ya Wasomaji: Kanuni na Mashindano ya Katamarani Ndogo

Barua nyingi tulizopokea ni za wanaoshindana, au wanaotaka kuanza kushindana, kwa katamarani ndogo: mashua ya matumbo mawili yaliyounganishwa kwa mihimili ya alumini, katikati pametandikwa trampolini. Tunaposema "daraja" hapa tuna maana ya kundi la mashua zinazofuata kanuni moja ya vipimo. "Demani" tumeiacha na maana yake ya kale, ile kamba inayovuta pembe ya chini ya tanga upande wa nyuma.

SWALI (Tanga): Shikamoo mhariri. Klabuni kwetu tuna katamarani sita aina ya Hobie 16, za umri tofauti. Mmoja wetu amemshonesha fundi tanga kuu jipya, zuri kuliko la kiwandani na kwa nusu ya bei. Mwingine amefunga spinaka, lile tanga kubwa la mbele la kwenda na upepo. Wote wawili wanadai bado ni Hobie 16. Tukishindana wana haki?

JIBU: Marahaba. Katika mbio za daraja, hawana.

Madaraja ya katamarani yako ya namna mbili, na ugomvi mwingi unaanza pale watu wanapoyachanganya. Kuna daraja la mashua za aina moja, ambapo chombo kinatoka kwa mtengenezaji kikiwa vilevile kwa kila mtu. Hobie 16, iliyobuniwa California na Hobie Alter pamoja na Phil Edwards, ni ya namna hiyo. Urefu wake ni mita 5.05, upana mita 2.41, na haina mapezi ya kuzamisha. Kila tumbo limenyooka ubavu wa nje na kubenuka ubavu wa ndani, na umbo hilo ndilo linalozuia chombo kusukumwa pembeni. Ukilifanyia tumbo ukarabati ukalibadilisha umbo, umeigusa mashine yenyewe. Kanuni ya daraja hili isomwe hivi: kisichotajwa kuwa kinaruhusiwa, kimekatazwa. Usitafute mstari unaosema "spinaka marufuku". Tafuta mstari unaoiruhusu katika mbio zenu, na usipouona, spinaka ibaki ufukweni. Tanga nalo lazima liwe la mtengenezaji anayetambuliwa na daraja, hata kama fundi wenu ana mkono mzuri kuliko wake.

Namna ya pili ni daraja la mipaka. Hapo unapewa vipimo vya mwisho, na ndani yake ubuni upendavyo. A-Class, ya baharia mmoja, ina urefu usiozidi mita 5.49, upana usiozidi 2.30, tanga pamoja na mlingoti visizidi mita za mraba 13.94, na uzito usipungue kilo 75. Formula 18 ni ya watu wawili: mita 5.52 kwa 2.60, uzito usiopungua kilo 180, tanga kuu mita za mraba 17. Ina seti mbili za matanga ya mbele, ndogo kwa mabaharia wepesi na kubwa kwa wazito. Fundi wenu angeruhusiwa kushona tanga la A-Class, mradi kipimo kisipite. Kwa hiyo kipaji chake hakina kosa, ila amekipeleka kwenye daraja lisilokihitaji.

Ushauri wetu: wenye tanga la kushonesha na spinaka washiriki mbio za mchanganyiko (tazama swali la nne), na wanne waliobaki waanzishe orodha ya daraja. Mkiwa wanne mnaofanana, mtajifunza haraka kuliko kumi wanaotofautiana. Katika mashindano ya dunia ya Hobie 16 washindani hupewa mashua na kubadilishana kutoka mbio moja hadi nyingine, ili asiwepo wa kusingizia chombo. Nanyi fanyeni hivyo. Baada ya kila mbio mbili, badilishaneni mashua.

SWALI (Maskati): Assalamu alaikum. Mimi na binti yangu tukipanda mizani pamoja tuna kilo 112. Tumeambiwa tubebe vipande vya madini ya risasi kwenye Hobie 16 yetu ili tufikie uzito unaotakiwa. Kiasi gani, na tuiweke wapi? Na je, nguo zilizolowa haziwezi kuhesabiwa?

JIBU: Waalaikumu ssalamu. Uzito wa chini wa mabaharia wa Hobie 16 ni ratili 285, yaani kilo 129.27. Toa 112, zinabaki kilo 17.27. Nunueni 17.5 ili tofauti ya mizani isiwaponze. Zikateni vipande vya kilo 2 hadi 3 vyenye matundu, maana kipande kimoja kizito hupasua trampolini mashua ikidunda. Vifungeni kwa kamba ngumu karibu na mhimili wa mbele, katikati, vikazwe visiweze kusogea. Risasi inayohamishwa kwenda upande wa joshini (unakotoka upepo) kila mnapobisha, yaani mnapogeuza mbele ya chombo ipite upepo, ni udanganyifu, na risasi iliyolegea huvunja kidole cha mtu.

Nguo hazihesabiwi. Kanuni za Mashindano ya Matanga zinakataza nguo na vifaa vya mwilini kuzidi kilo 8 (mkanda wa trapizi, ule wa kuning'inia kwenye waya nje ya mashua, hauhesabiwi), tena zinakataza kuvaa kitu kwa nia ya kujiongezea uzito.

Msisahau chombo chenyewe. Hobie 16 isipungue ratili 320, kilo 145. Mashua kuukuu mara nyingi huzidi hapo, na mzigo huo hauleti faida yoyote. Kupima si kazi kubwa. Tafuteni mizani moja ya sakafuni, ubao mrefu na gogo la kimo kilekile cha mizani pamoja na ubao. Egemezeni matumbo yote mawili juu ya ubao chini ya mhimili wa mbele, nyuma yake gogo chini ya mhimili wa nyuma. Andikeni namba. Halafu geuzeni, mizani nyuma na gogo mbele, bila kubadilisha sehemu za kuegemeza. Jumlisheni namba mbili, toeni uzito wa ubao mara mbili. Maji ya kunywa, majaketi na mchanga uliojificha mifukoni mwa trampolini vyote vitoke kwanza.

Mkikuta kilo kumi na kitu za ziada, tumbo linavuja au povu la ndani ya ukuta limenyonya maji. Fungueni kizibo cha nyuma, inueni omo, yaani ncha ya mbele, maji yatoke. Halafu zibeni kitundu cha kupumulia kwa utepe wa gundi, pulizeni kwa mdomo kupitia tundu la kizibo, na mwenzenu apake maji ya sabuni kwenye maungio na kwenye vikombe vya usukani. Povu likichemka, hapo ndipo. Msitumie pampu ya kujazia matairi, itafumua maungio kwa sekunde chache. Mkimaliza, ondoeni utepe kwenye kile kitundu, la sivyo jua la Maskati litavimbisha hewa ya ndani na kazi hiyohiyo itafanywa na joto.

SWALI (Mtwapa): Chombo chetu kinakataa kubisha. Tunasukuma kana (mpini wa usukani) mpaka mwisho, kinageuka nusu, kinasimama na kuanza kurudi nyuma. Usukani nao ni mzito mpaka mkono unakufa ganzi. Tatizo ni sisi au mashua?

JIBU: Yote mawili, ndugu zetu, na tuanze na mashua kwa sababu ndiyo inayowachosha.

Usukani mzito karibu kila mara maana yake ni kwamba bapa za usukani haziko wima. Zikirudi nyuma kidogo tu, maji yanazisukuma mbali na mhimili wa kuzungukia, na mkono wako unalipa. Mwambie mwenzako ajilaze tezini, nyuma ya chombo, mkiwa kwenye kasi aangalie. Ufukweni bapa huonekana imekaa sawa, majini inalegea. Sababu ya kawaida ni ile klipu ya plastiki ndani ya kichwa cha usukani kuliwa na mchanga, au springi yake kulegea. Ioshe kwa maji yasiyo na chumvi, angalia kama klipu ina kingo kali bado, kisha kaza skrubu ya springi robo mzunguko kwa wakati. Acha kukaza pale bapa inapobaki chini kwenye kasi lakini bado inaruka ikigonga mchanga. Ukikaza kupita hapo, siku ya kugonga mwamba itakatika bapa au kitang'oka kikombe.

Halafu pima usawa. Shusha bapa zote mbili, kana zikiwa katikati. Pima umbali kati ya kingo zao za mbele, kisha kati ya kingo za nyuma, kwa kina kilekile. Mbele pawe pafupi kwa milimita 2 hadi 3. Tofauti ikiwa sentimita, unaburuta breki mbili baharini siku nzima. Marekebisho yako kwenye ncha ya bomba linalounganisha kana mbili.

Sasa ninyi. Katamarani ni nyepesi, haihifadhi mwendo kama jahazi, na matumbo yake mawili marefu yanapenda kwenda moja kwa moja. Ukisukuma kana kwa ghafla, bapa zinakuwa ukuta. Chombo kiwe kimebana upepo (kinaelekea karibu na unakotoka upepo) na kina kasi, demani ya tanga kuu imevutwa. Baharia aingie ndani kutoka kwenye waya, nahodha asogee nyuma kidogo omo zinyanyuke. Sukuma kana taratibu, ukiongeza kadiri omo inavyogeuka. Demani ya tanga la mbele isifunguliwe! Hapa ndipo wengi wanapokosea, mkono wa baharia unakimbilia kamba mapema. Liache tanga la mbele lishike upepo kinyume, ndilo litakalosukuma omo ivuke. Omo ikishapita upepo, nahodha alegeze demani ya tanga kuu nusu mita hivi, maana tanga kuu lililokazwa linairudisha omo kwenye upepo kama bendera. Omo ikianguka upande mpya, ndipo tanga la mbele lihamishwe, na tanga kuu livutwe tena polepole chombo kikipata mwendo.

Mkikwama hata hivyo, msipige makasia kwa kana. Mnarudi nyuma, basi usukani unafanya kazi kinyume. Legezeni tanga kuu lote, shikeni tanga la mbele kinyume cha upepo, elekezeni kana upande wa pili, na msubiri. Kitageuka.

SWALI (Dar es Salaam): Tuna Hobie 16, Dart 18 na katamarani moja isiyo na daraja. Tunawezaje kumpata mshindi?

JIBU: Kwa kusawazisha muda. Mfumo wa SCHRS unaipa kila katamarani ndogo namba itokanayo na vipimo vyake: urefu, uzito, eneo la matanga, mapezi. Muda halisi unagawanywa kwa namba hiyo. Kwa mfano wa hesabu tu, mwenye namba 1.20 akimaliza kwa dakika 66 anapata 55. Mwenye 1.04 akimaliza kwa dakika 58 anapata 55 na sekunde 46, ameshindwa. Chombo kisicho na daraja kipimwe na mtu asiye mwenyewe, tena kabla ya msimu. Namba ikibadilishwa katikati ya mfululizo, urafiki nao utaharibika.

SWALI (Mombasa): Kwenye boya la joshini mwenzetu alijipenyeza ndani dakika ya mwisho, tukagusana, naye akagusa boya. Anasema aliye ndani ana haki siku zote.

JIBU: Sivyo. Haki ya ndani inaamuliwa pale mashua ya kwanza inapoingia duara la urefu wa mashua tatu kutoka kwenye boya. Kwa Hobie 16 ni mita 15 na kidogo. Kama wakati ule ncha yake ya omo ilikuwa haijafika usawa wa sehemu yenu ya nyuma kabisa, bapa za usukani zikiwemo, basi hakuwa na haki ya kuomba nafasi. Boya la joshini lina kanuni zake za ziada kwa aliyebisha ndani ya duara, zisomeni pia. Kugusa boya ni adhabu ya mzunguko mmoja, yaani upepo upite omo mara moja na tezi mara moja. Kuivunjia mashua nyingine haki ni mizunguko miwili, upande uleule. Makosa yote mawili yakiwa katika tukio moja, miwili inatosha. Ajitenge kwanza na wenzake ndipo azunguke, maana katamarani iliyosimama katikati ya kundi ni hatari kwa kila mtu.

SWALI (Kilifi): Mkaguzi amekataa mkanda wangu wa trapizi kwa sababu ndoano yake ni ya zamani. Mzima kabisa!

JIBU: Mkaguzi yuko sahihi. Tangu 1 Januari 2023, Kanuni za Mashindano ya Matanga zinataka mkanda uwe na kifaa cha kujifungua haraka wakati wowote unapotumika. Chombo kikipinduka na waya ukabana chini ya trampolini, ndoano isiyobadilika inahitaji usogee kuelekea kwenye waya ili utoke, na chini ya maji kusogea huko hakuwezekani. Huhitaji kununua mkanda mpya ikiwa bamba la mbele linabadilishika. Badilisha bamba na ndoano tu. Kisha jaribu nchi kavu: ning'inia kwenye waya uzito wako wote, mikono imelowa na kupakwa sabuni, macho umefumba, ujifungue kwa mkono mmoja. Rudia kwa mkono wa kushoto. Ukishindwa mara moja kati ya kumi, osha kifaa mchanga utoke, au kirudishe dukani.