Wekundu wa Ziwa Magadi unatoka wapi?

SWALI: Habari za kazi, daktari. Nilipita Ziwa Magadi nikakuta maji mekundu, utadhani pamechinjwa ng'ombe. Dereva akasema ni kemikali za kiwanda. Mwanangu wa kidato cha tatu anasema ni vijidudu. Mimi ninachojua ni kwamba chumvi huua vijidudu, ndiyo maana tunaitia kwenye samaki. Nani mkweli? Na magadi ninayotia kwenye maharage yana wadudu hao?

JIBU: Njema, mama. Mkweli ni mwanao. Dereva tumsamehe, ila akifika Ziwa Natron, upande wa Tanzania, atakuta wekundu uleule na huko hakuna kiwanda cha magadi. Rangi hiyo wanaibeba vijidudu wenyewe, wengi wao wakiwa arkea (viumbe wadogo wa seli moja) wapenda chumvi. Ni rangi ya ukoo mmoja na ile ya karoti, nayo huwakinga na jua kali.

Arkea si bakteria, ingawa kwa darubini wanafanana. Walikuwa kapu moja mpaka mwaka 1977, wanasayansi Carl Woese na George Fox walipolinganisha RNA zao (molekuli zinazosaidia seli kutengeneza protini) wakaona ni ukoo wa pekee. Mazoea hayakuisha: mwaka 1984 arkea waliopatikana Ziwa Magadi walipewa jina Natronobacterium. Mmoja wao leo anaitwa Natrialba magadii, kwa hiyo ziwa letu limo hadi kwenye jina.

Kuhusu chumvi, hoja yako ni ya kweli. Chumvi huua kwa kiu. Ukinyunyizia kachumbari, kitunguu hutoa maji. Kijidudu cha kawaida nacho hunyonywa hivyo hivyo hadi kinyauke. Arkea hawa hawashindani nayo. Wanajaza chumvi ndani ya seli zao, hasa ya potasiamu, mpaka ndani na nje palingane. Protini za viumbe wengine zingeharibika humo, lakini zao zina chaji hasi nyingi kwa nje, zinazoshikilia maji yasiwaponyoke. Tatizo ni kwamba sasa hawawezi kuishi bila chumvi: watie kwenye maji matamu, watapasuka.

Magadi yana shida ya pili. Ukiyashika kwa mkono uliolowa, vidole vinateleza, kwa kuwa yanaanza kugeuza mafuta ya ngozi yako kuwa sabuni. Utando wa seli nao ni mafuta! Katika bakteria, na ndani yetu sisi, mafuta hayo yamefungwa kwa kiungo cha esta, kilekile kinachokatwa mtu anapopika sabuni. Arkea hutumia kiungo cha etha, ambacho magadi hayakikati kwa urahisi. Nisikudanganye lakini: wapo bakteria pia wanaostahimili maziwa ya magadi kwa mbinu zao wenyewe, na spirulina anayeliwa na heroe ni mmoja wao.

Sasa maharage. Magadi ya mawe, yasiyosafishwa, yanaweza kuwa nao, maana baadhi ya arkea hubaki hai ndani ya vitone vya maji vilivyonaswa kwenye punje za chumvi. Ila sufuriani maji matamu huwapasua, na wakibaki, moto unamaliza. Wala hadi leo hakuna arkea aliyethibitishwa kumletea binadamu ugonjwa. Wengine tunaishi nao tumboni, na ni ndugu wa hao wanaotengeneza gesi kwenye mtambo wa samadi.

Kwa samaki, angalia hivi: ng'onda akiwekwa penye joto na unyevu anaweza kutoka madoa mekundu yenye utelezi. Hao ni arkea walioletwa na chumvi ya bahari yenyewe. Usimpike eti kwa kuwa nimesema arkea hawaleti ugonjwa. Samaki huyo ameshaanza kuoza, na hujui nani mwingine ameingia naye. Mtupe.