Usikirudishe tanurini

Swali: Mhandisi, nagandamiza unga wa aloi ya alumini kwenye presi, kisha nauchoma kwa nyuzi 600 ndani ya naitrojeni. Kipande kinatoka kizuri, ila nikikipinda kinakatika kama biskuti. Fundi mwenzangu anasema nikirudishe tanurini saa nyingi zaidi, kitalainika. Nifanye hivyo? (Msomaji, Mombasa)

Jibu: Usifanye. Hilo la "choma tena" nimelisikia mpaka limenichosha. Anayelisema anadhani metali ni ngumu mno, kumbe chembe hazijashikana. Chukua lenzi utazame pale kilipokatika. Ukiona viduara vimejipanga kama ulezi, ujue ufa umepita baina ya chembe na chembe, metali yenyewe haukuigusa. Kila chembe imevaa utando wa oksaidi, yaani alumini iliyoungana na oksijeni, unene wake nanomita chache tu. Alumini huyeyuka kwa nyuzi 660, utando huo kwa zaidi ya 2,000. Sasa saa za ziada zitaufanya nini?

Magnesiamu kidogo kwenye mchanganyiko husaidia, maana hushambulia oksaidi wakati wa kuchoma. Mimi lakini naamini zaidi kusukuma kipande kikiwa moto kupitia tundu jembamba la kalibu, eneo la mkato lipungue mara 20 hivi. Hapo utando unachanika, metali safi inakutana na metali safi. Kukibana kwa gesi pande zote kutaziba matundu, ila utando utabaki, kwa sababu hakuna kinachouburuza.

Halafu unyevu. Kopo likikaa wazi katika hewa ya huko kwenu, unga hunywa maji, na ukipata joto maji hayo hutoa haidrojeni inayoacha vitundu. Upashe moto ukiwa umeunganishwa na pampu ya kuvuta hewa, kabla hujaubana kabisa.

Wanaonikera kuliko huyo fundi wako ni wanaosaga makopo ya soda na kuyauza kama "unga wa alumini". Kwanza umejaa rangi. Pili, vumbi lake likitanda hewani, cheche ya swichi inatosha kulipua banda zima. Nao huusaga uani, watoto wakitazama! Unga ukishika moto usimwage maji, yatatoa haidrojeni na kuukuza. Funika kwa mchanga mkavu, taratibu, bila kutimua vumbi. Na ndoo ya mchanga ikae mlangoni, si nyuma ya tanuri.