Mchango wa Mwaka na Msimu wa Kusi

Mhariri, wiki hii mmetuuliza kwa nini wengi wetu husubiri hadi maradhi yatuzidi ndipo twende hospitali. Kwa sisi wa Siyu, kisiwani Pate, Kaunti ya Lamu, naamini sababu kubwa ni kwamba fedha za matibabu hudaiwa bila kuangalia misimu ya bahari.

Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilipochukua nafasi ya NHIF, bima ya taifa ya hospitali, mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake kila mwezi. Mvuvi asiye na mshahara hukadiriwa mchango kwa kuulizwa maswali kuhusu nyumba na mali yake, kisha hutakiwa kuulipa wa mwaka mzima kwa mkupuo, usiopungua shilingi 3,600. Wakati wa kaskazi, bahari ikiwa shwari, fedha hizo hupatikana. Kusi ikichafua bahari, vyombo vidogo hukaa pwani na chakula chenyewe huwa cha kukopa. Mpango wa Lipa SHA Pole Pole, wa kulipa mchango kidogo kidogo, ni nafuu, nami naupongeza, ila hata kidogo cha kila wiki hukosekana mahali pasipoingia kitu.

Huduma za zahanati na vituo vya afya hazilipiwi na aliyejisajili, na hilo ni jambo kubwa. Taabu yetu ni jino. Jirani yangu alianza na tundu dogo la kuzibwa tu; akatia karafuu, akameza vidonge vya dukani, mpaka ufizi ukatunga usaha, shavu likavimba na jicho likafumba. Kumfikisha kwa daktari wa meno mjini Lamu kulihitaji nauli yake na ya mwanawe aliyemsindikiza, tena baada ya kungojea maji yajae, kwani mkono wa bahari wa Siyu haupitiki yakipwa. Huko jino likang'olewa.

Naomba SHA ikusanye michango ya wavuvi katika miezi ya kaskazi, kupitia vikundi vya kusimamia fuo (BMU), ambavyo tayari huandika samaki wanaoteremshwa. Nayo serikali ya kaunti, iliyokabidhiwa zahanati na hospitali zetu kwa Katiba ya 2010, ituletee daktari wa meno Siyu, Faza na Kizingitini, kwa tarehe zinazotangazwa misikitini mapema na kupangwa siku za bamvua, maji yanapojaa sana, chombo kiweze kuingia. Aje na vifaa vya kuziba meno, si koleo la kung'olea peke yake.