Dogo wa hasi 180, USIIKIMBIE hiyo akaunti

Dogo acha kabisa. Nimesoma uzi wako nikaweka chai pembeni. Umesema una miezi minne tu Marekani, akaunti iko hasi dola 180, rumeti wako kakwambia "iache ife yenyewe, fungua benki nyingine mshahara uhamie huko", halafu unauliza benki gani nzuri, krediti (rekodi yako ya kukopa na kulipa) inajengwaje, njia gani rahisi ya kumtumia mama hela, na kama utakamatwa eapoti siku ukienda kusalimia Bongo. Eapoti hawakukamati, deni la namna hiyo ni madai sio jinai, hilo lala usingizi. Mengine weka kando kwanza. Hiyo ya kuiacha ife ndiyo imenitoa mafichoni leo, maana mimi yangu niliiacha ife 2011 na ilinifuata mpaka 2014.

Nilikuwa Columbus, Ohio, nabeba boksi kwenye maghala kama wenzangu wote. Akaunti nilifungua mapema mwaka huohuo, dada wa kwenye meza mpole mpaka nikahisi ananipenda, akaniuliza ungependa kadi yako ipite hata kama hela imeisha, usije ukaaibika kaunta? Nani anataka kuaibika kaunta jamani. Nikasema ndiyo, nikasaini. Kumbe tangu 2010 sheria ya benki kuu yao inasema hawaruhusiwi kukukata faini ya ovadrafti, yani ya kutumia zaidi ya hela iliyomo, kwenye kadi au ATM mpaka wewe mwenyewe ukubali, yani yule dada alikuwa anatafuta huo ukubali wangu, na mimi nikampa na asante juu. Na hata ukikataa, cheki na malipo yanayojikata yenyewe kila mwezi hayamo kwenye hiyo kinga.

Sasa siku yenyewe. Akaunti inasoma 703. Mimi nimeandika cheki ya kodi dola 650 tangu tarehe moja, mwenye nyumba mzee mmoja cheki anaiweka droo mpaka ajisikie kwenda benki, mimi nadhani ameshaipeleka na 650 imeshakatwa, na kwa kuwa nilikuwa nimepiga ovataimu nikaona 703 inaingia akilini kabisa, nimebakiwa na hela mwanaume mimi. Nikamtumia mama dola 100 kwa kadi. Mafuta 20. Vocha ya simu 10. Chakula cha mchana 8.50, baga 6.42, kahawa 3.18. Jumla 148.10, wikiendi ya mtu mwenye uwezo.

Jumatatu usiku vyote vikaingia pamoja na cheki ya mzee. Na benki haikuvikata kwa mpangilio nilioutumia, ilianza na KUBWA. Ikakata 650, zikabaki 53. Halafu ile 100 ya mama, hasi, faini dola 35. Mafuta, 35. Vocha, 35. Chakula, baga, kahawa, kila kimoja na 35 yake. Faini sita, dola 210. Wangeanza na vile vidogo vyote vingepita na mama angepita, ingekwama cheki ya nyumba peke yake, faini moja tu. Benki nyingi zilikuwa na huo mchezo enzi hizo, zikashitakiwa, kuna moja kubwa ilikubali kulipa dola milioni 410 mwaka huohuo wa 2011. Mimi sikuonja hata senti, sio ile yangu. Kahawa ya dola 38.18 nimekunywa mimi, na ilikuwa ya baridi.

Jumanne asubuhi nafungua simu nakuta hasi 305.10. Nilikaa kwenye gari nikaiangalia hiyo namba kama matokeo ya form four.

Hapo dogo ndipo ulipo wewe leo, na mpaka hapo mimi sikuwa nimekosea kitu kikubwa. Nisikilize vizuri. Dola 305 inauma lakini inalipika, ni mshahara wa wiki moja usiotimia. Kosa lilikuwa lile nililofanya Jumatano.

Kulikuwa na bro mmoja mkongwe, simtaji, yuko Marekani tangu miaka ya tisini, kila mgeni akifika anapelekwa kwake kama kwa balozi wa nyumba kumi. Nikamweleza. Akacheka, akasema mdogo wangu hawa wezi usiwalipe hata mia, mwambie bosi wako mshahara usiingie huko tena, waachie akaunti yao na hasi yao, Marekani hamna mtu anayefungwa kwa deni, baada ya miezi miwili wataifunga wenyewe wakusahau. Alivyosema kwa uhakika ungedhani yeye ndiye gavana. Na mimi nilikuwa na hasira, na mtu mwenye hasira anapenda ushauri unaofanana na hasira yake. Sote tumelelewa tukiambiwa dawa ya deni kulipa, mimi nikaenda kulitafutia mganga.

Nikamwambia bosi mshahara usiingie kule tena. Nikafuta namba ya benki kwenye simu. Barua zikija natupa. Nilijiona mjanja kwa muda wa siku kumi hivi.

Cha kwanza, hasi ikikaa siku kadhaa kuna faini nyingine ya kukaa hasi, 35. Cha pili nilisahau kwamba bima ya gari inajikata yenyewe kwenye ile akaunti. Ikaja, ikarudishwa, 35. Kampuni ya bima ikajaribu tena, ikarudishwa tena, 35 nyingine. Sasa deni ni 410.10 na mimi sijanunua hata pipi. Bima ikafutwa, barua ya kufutwa ilikuja nadhani, lakini si nimesema barua nilikuwa natupa? Mwezi wa kumi na moja polisi kanisimamisha kwa taa moja ya nyuma imekufa, anaomba karatasi za bima namkabidhi kwa madaha kabisa, anarudi ananiambia hii bima haipo. Ohio ukiendesha bila bima leseni inasimamishwa. Kazini ni maili kumi na tisa na basi halifiki. Nikawa namlipa Mkongo mmoja wa jengo letu dola 25 kwa wiki anipitie alfajiri, Mungu ambariki yule jamaa, alikuwa anapiga rumba saa kumi na moja asubuhi kwa sauti ya kuamsha mtaa mzima lakini hakuwahi kuchelewa.

Cha tatu ndicho nataka ukariri. Niliingia benki ya pili kufungua akaunti, nimevaa vizuri. Keshia kaandika jina, kaangalia kompyuta, tabasamu likapungua, akasema samahani kwa sasa hatuwezi. Benki ya tatu, vilevile. Ya nne nikauliza kwa nini, ndiyo nikasikia neno ChexSystems kwa mara ya kwanza. Hilo ni daftari ambalo benki nyingi hupeana habari za watu walioacha akaunti na deni. Sio krediti, usichanganye, krediti ni daftari lingine kabisa. Benki ikishakata tamaa na hasi yako inaifunga akaunti, kwangu ilikuwa kama miezi miwili, hapo bro alipatia, ila alisahau kuniambia kwamba wakiifunga wanaliandika jina lako humo na linakaa mpaka miaka MITANO. Hawakusahau, mkuu. Waliniandika wasije wakasahau!

Sasa ishi Marekani bila benki uone. Kazini wananipa cheki ya karatasi, 390 kwa wiki baada ya makato. Naipeleka kwenye duka la kubadilisha cheki, mle ndani vioo vya kuzuia risasi na watu wamenuna wote, wanakata asilimia 2, yani 7.80 kila Ijumaa. Piga hesabu ya mwaka, wiki 52, ni 405.60. Umeona? Kila mwaka nilikuwa nalipa karibu deni lote, ila namlipa mtu mwingine na deni bado liko palepale linanitazama. Kodi ya nyumba natafuta mani oda, yani hundi unayoinunua kwa hela taslimu. Umeme mani oda. Hela inayobaki naficha kwenye mfuko wa mchele jikoni kama bibi yangu alivyokuwa anaficha kwenye kibubu, na siku moja nimerudi shifti ya usiku dola 740 hazipo. Tulikuwa wanne ndani ya ile nyumba. Mpaka leo sijui ni nani. Mchele alituachia, tunamshukuru.

Halafu wakusanya madeni. Benki ikawauzia deni watu ambao kazi yao ni kupiga simu. Walinipigia kazini, walinipigia niko msibani, mmoja alijifunza kutamka jina langu vizuri kuliko bosi wangu.

Unajua nilikuja kugundua nini kuhusu yule bro mkongwe? 2013 nimepanga foleni kwenye lile duka la cheki, Ijumaa jioni, naangalia mbele namwona yeye. Na cheki yake mkononi. Hakuwa na benki tangu 2007! Hasi yake aliiacha ife, na alikuwa anatufundisha sote tuje kuishi alipo yeye. Sikumsalimia. Yani nilimsalimia, si unajua sisi watu wa pwani, shikamoo ilitoka yenyewe, lakini moyoni sikumsalimia.

Nililipa 410.10 yote 2014, nikadai barua inayosema nimemaliza, nikaenda nayo kwenye chama cha akiba na mikopo, kama SACCOS za kwetu ila kubwa, mama mmoja pale akaisoma mara mbili akanifungulia akaunti ndogo isiyokuwa na ovadrafti. Jina halikufutika kwenye daftari kwa kulipa, linaandikwa tu "amelipa", lakini kwake ilitosha.

Kwa hiyo wewe kesho saa tatu asubuhi wakifungua uwe mlangoni. Nenda mwenyewe, usipige simu, simu ni rahisi kukukatalia. Usiku wa leo angalia nini kinajikata kwenye hiyo akaunti, bima, simu, sijui filamu za mtandaoni, hamisha au simamisha vyote. Chukua hela yoyote uliyonayo hata kama ni 60, weka mbele ya meza. Sema ni mara yangu ya kwanza, mimi mgeni, naomba mnifutie faini. Usibishane kama mimi nilivyobishana na usukani wa gari. Hizo faini wana uwezo wa kuzifuta, nimeshuhudia watu kadhaa niliowasindikiza mwenyewe wakifutiwa moja au mbili kwa kuomba tu, na kwenye 180 yako naona zimo angalau tatu. Kilichobaki waombe ulipe kidogokidogo. Najua unachoogopa, kwamba mshahara ukiingia wataumeza. Ndiyo wataumeza, wana haki hiyo, waache waumeze! Utakula ugali na maharage wiki mbili. Mimi nilikula miaka.

Ikifika sifuri mwambie aondoe ule ukubali wa ovadrafti ya kadi, kadi ikikwama ikwame, aibu ya kaunta inaisha ukifika mlangoni. Na kama unataka kuhama hama ukiwa sifuri, na barua mkononi. Ripoti yako ya ChexSystems unaweza kuiomba bure mara moja kwa mwaka, iombe uone kama tayari umeandikwa.

Kuna mtu kakuandikia hapo juu eti siku hizi faini ni dola 5 kwa sheria mpya. Hapana. Ile kanuni ilipitishwa mwisho wa 2024 kwa benki kubwa, Bunge lao likaiua 2025 kabla haijaanza kazi. Benki nyingine zimejipunguzia zenyewe, Capital One na Citibank waliacha kabisa faini za ovadrafti 2022, Bank of America mwaka huohuo wakashusha kutoka 35 mpaka 10. Kwa hiyo hilo swali la benki gani nzuri tayari una pa kuanzia, na uliza pia akaunti zenye alama ya Bank On, zile hazina ovadrafti kabisa na ada yake ya mwezi ni ndogo. Krediti tuongee ukishatoka kwenye hasi. Njia ya kumtumia mama hela usiniulize mimi, mimi na kutuma hela kwa kadi tuna historia.

Na huyo rumeti wako, kabla hujamsikiliza tena, muulize mshahara wake Ijumaa anauchukulia wapi. Akikutajia duka, vaa koti uende benki.