Mashine kuukuu kwa mashua ya tanga: nifanyavyo kabla ya kuiamini

Wengi wanaoniuliza kuhusu mashine ya mkono wa pili, yaani ile injini ya kufunga nyuma ya boti, huanza na swali moja: ni ya nguvu za farasi ngapi? Wanataka kusikia kumi na tano, au arobaini. Kwa mwenye boti la faiba anayekimbiza samaki sokoni, swali hilo lina maana. Kwa mwenye mashua ya tanga ya mita sita kama hii yangu ya hapa Tanga, ni swali la mwisho kabisa. Mashua yenye mkuku na tumbo la mzigo haipandi juu ya maji ikateleza. Ina mwisho wake wa kasi, na kwa urefu huo mwisho ni kama maili tano na nusu za baharini kwa saa. Ukiifunga mashine ya arobaini, tezi, yaani nyuma, itazama, omo, yaani mbele, itanyanyuka, petroli itakwisha, na mwendo ni uleule. Ya tano au ya sita inatosha siku ya shwari. Ya nane inakupa akiba ya kupambana na mkondo.

Uzito nao una neno. Mashine ya tano ya tu-stroki, yaani zile za kuchanganya oili, ina kilo 20 hivi, unaibeba begani ukapita nayo kwenye matope maji yakiwa yametoka. Ya kumi na tano inakaribia kilo 36, na hapo unaanza kutafuta watu. Tatizo ni kwamba soko letu limejaa za 15 na za 40, kwa sababu ndizo wanazotumia wavuvi, na vipuri vyake ndivyo vinavyopatikana. Kwa hiyo ukikuta ya 15 iliyo nzima na ya tano iliyochoka, chukua ya 15. Utaiendesha kwa upole tu.

Jambo la kulishika ni hili: mashine ya mashua ya tanga huharibiwa na kukaa kuliko na kazi. Umande, upepo wa kutoka nchi kavu, unakutoa asubuhi, upepo wa bahari unakurudisha alasiri, na wiki nzima hujaigusa. Halafu inafika matangambili, kusi limekwisha na kaskazi halijashika, upepo unakata ukiwa nje ya kisiwa cha Ulenge na mkondo unakupeleka usikotaka. Hapo ndipo unapoivuta kamba, na hapo ndipo unapojua kama petroli imegandia ndani ya kabureta au chumvi imeziba njia za maji. Ndiyo maana muuzaji akinisifia kwamba mashine yake "imekaa tu ndani, haijatumika", mimi sisikii sifa. Nasikia orodha ya kazi.

Unapokwenda kuiona, mwambie mapema asiiwashe kabla hujafika. Ukifika, kwanza weka kiganja kwenye kichwa cha injini. Kama kina joto, ameshaipasha, na hutajua inavyoamka ikiwa baridi, nawe ndivyo utakavyoihitaji. Halafu tafuta kibati cha namba kwenye mabano ya kufungia. Kibati kilichokwanguliwa au kung'olewa, ondoka, hata kama bei inakuliza. Mashine huibiwa baharini na kwenye maziwa, na wavuvi wa Ziwa Viktoria wanajua uchungu wa kuvamiwa usiku na kunyang'anywa mashine. Dai risiti, andikishaneni, na namba ya kibati iwe kwenye hayo maandishi.

Kama ni Yamaha, angalia pia herufi za mwanzo za modeli. Zinazoanza na EK zimetengenezwa kutumia mafuta ya taa, huanzia kwa petroli kisha zikahamishiwa mafuta ya taa zikishapata moto. Si mbaya, ila kwa mtu anayewasha dakika kumi aingie bandarini ni usumbufu mtupu.

Pima urefu wa mguu. Toka mahali mabano yanapokalia ubao wa tezi hadi lile bapa lililo juu ya pangaboi, mguu mfupi ni kama sentimita 38, mrefu ni kama 51. Kwenye faiba mfupi unafaa. Kwenye mashua ya tanga, mimi nasema mrefu, na sibishani sana na mtu juu ya hili. Wimbi likipita chini, tezi inanyanyuka, pangaboi inatoka majini, injini inapiga kelele kama mbuzi aliyekanyagwa, na pampu inavuta hewa badala ya maji. Ikifanya hivyo mara kwa mara unaiua mashine huku ukidhani bahari tu ndiyo iliyochafuka.

Mwisho wa ukaguzi, legeza kidogo skrubu ya chini ya gia boksi, utoke mnyweo mmoja wa oili. Ikiwa nyeusi, ni oili ya zamani tu. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia, na mara nyingi mkosaji ni mshipi. Uzi wa kuvulia hujizungusha nyuma ya pangaboi, unapata moto, unakata sili, ule mpira unaozuia maji yasiingie. Zungusha pangaboi kwa mkono huku ukitazama ncha ya shafti. Ikicheza huku na huku, shafti imepinda, na bei lazima iteremke sana ama uende zako.

Ukishaileta nyumbani, zuia hamu ya kuvuta kamba. Anzia chini. Fundi wengi hukimbilia kichwani, plagi na kabureta, kwa sababu huko ndiko kunakotoa kelele. Lakini mashine ikikataa kuwaka utarudi kwa tanga. Ikiwaka bila maji ya kupoza utarudi kwa tanga na bila injini.

Kwa hiyo impela kwanza. Ni kile kigurudumu cha mpira ndani ya pampu, na hakuna haja ya kukikagua wala kujadiliana nacho: nunua kipya. Mpira uliokaa mwaka mzima katika hali ileile hushika umbo, mabawa yanabaki yamelala upande mmoja, na hayasukumi tena. Pampu iko ndani ya mguu, na kazi yenyewe ni bolti za kuushusha. Chumvi hukamatanisha chuma na alumini mpaka ukilazimisha unakata kichwa cha bolti, na hapo siku yako imeharibika. Mwagia mafuta ya kulainisha kutu, acha ilale usiku kucha, gonga taratibu, rudia. Ikikaidi, pasha moto alumini inayoizunguka, bolti yenyewe usiiguse na moto. Hakikisha tu hakuna petroli karibu.

Mguu ukishashuka, fungua pampu. Kama bawa la impela ya zamani limekatika, lazima ukitafute hicho kipande. Hakijapotea hewani, kimepanda na maji na kimekwama kwenye njia ya kupoza. Unapoweka mpya, paka grisi kidogo, izungushe shafti mwelekeo wa saa ukiitazama kutoka juu huku ukiisukuma ndani, ili mabawa yalale upande wake. Usisahau kijifunguo kidogo cha nusu mwezi kinachoishika impela kwenye shafti. Kinadondoka mchangani kimyakimya. Unaporudisha mguu, bomba la maji liingie kwenye tundu lake sawasawa, na fito ya gia ikamatane. Bolti zote zipakwe grisi ya majini kabla ya kurudi, maana mtu wa kuzifungua mwakani ni wewe.

Oili ya gia sasa. Imwage yote, skrubu ya chini na ya juu zikiwa wazi, kisha jaza kutoka chini mpaka itoke kwenye tundu la juu. Ukijaza kutoka juu unafungia hewa ndani. Funga ya juu kwanza, ndipo utoe mdomo wa chupa uzibe ya chini haraka. Washa za skrubu hizo, zile pete bapa za kuzibia, ni vitu vya bei ndogo, weka mpya.

Angalia pia zile tofali ndogo za zinki zilizofungwa mguuni. Kazi yake ni kuliwa na chumvi badala ya mashine. Zikibaki nusu, badilisha. Na asije mtu akakupakia rangi juu yake kwa ajili ya urembo. Nimeziona mashine zilizopakwa rangi nzuri kila mahali, zinki ikiwemo, na alumini imetoboka chini yake.

Mafuta hayana maelezo marefu ila yana ugomvi mwingi. Mwaga petroli yoyote uliyoikuta kwenye tangi. Badilisha bomba kama limepasuka au linanata, na jaribu ule mpira wa kupampu: ukiubana ubaki mgumu. Mshale uliochorwa juu yake uelekee kwenye mashine. Kabureta ifunguliwe, jeti, vile vijitundu vya mafuta, zioshwe kwa dawa yake na kupulizwa. Usizichokoe kwa waya, tundu likipanuka kidogo tu mchanganyiko unaharibika. Petroli mpya iweke kwenye chupa angavu usiku mmoja uone kama kuna maji chini, halafu uipitishe kwenye chujio. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba, yaani alama za kuyatambulisha, kwenye mafuta mwaka 2010 kwa sababu ya watu waliokuwa wakichakachua kwa mafuta ya taa, lakini petroli ya chupa za kando ya barabara haina mlinzi, na mimi siitumii.

Kiasi cha oili kimeandikwa kwenye kitabu cha mashine, au kwenye kibandiko. Nyingi za tu-stroki za miaka ya karibuni ni 50 kwa 1, yaani mililita 20 kwa kila lita ya petroli, 400 kwa dumu la lita 20. Za zamani zaidi zinataka mara mbili ya hapo. Kuna wanaoongeza "kwa usalama" mpaka moshi unaziba pwani nzima. Hao huishia kuchafua plagi tu. Oili iwe ya mashine za boti, chupa iandikwe TC-W3. Oili ya pikipiki imetengenezwa kwa injini inayopozwa na upepo, yenye joto kubwa zaidi, na kwenye mashine inayopozwa na maji huacha masizi. Fostroki haina habari ya kuchanganya, lakini ina adabu yake: kitabu kinaeleza ilazwe ubavu upi. Ukiilaza vibaya ndani ya mashua, oili inaingia silinda.

Plagi weka mpya za namba iliyotajwa kitabuni, na zile za zamani usizitupe kabla ya kuzisoma. Kahawia ni heri. Nyeusi iliyolowa ina maana oili nyingi au cheche dhaifu. Nyeupe iliyoungua inasema injini ilikuwa ikipata moto, na hapo urudi kwenye njia za maji. Kama fundi wako ana kipimo cha kompresheni, yaani mgandamizo wa ndani ya silinda, mwambie apime kila silinda. Namba yenyewe si kubwa kama tofauti: silinda mbili zikipishana kupita asilimia kumi hivi, kuna pete au gasketi inayoomba kazi.

Ndipo sasa uvute kamba, na mashine iwe ndani ya pipa, maji yapite juu ya lile bapa la mguuni. Kavu hapana, hata kwa sekunde chache za kumwonyesha jirani, kwani impela mpya inaungua palepale. Fanya nje, si bandani, moshi wake unaua. Ikishika, macho yako kwenye tundu la mkojo, lile linalotoa maji ya kupoza. Maji yatoke mapema na kwa nguvu, baadaye yawe ya uvuguvugu. Yakidondoka tu, zima. Mara nyingi ni chumvi iliyoganda, na kuizungushia maji yenye siki ndani ya pipa husaidia. Kabla hujatoka hapo, vuta ile kamba nyekundu ya kuzimia uone kama inazima kweli.

Kufunga kwenye mashua kunahitaji akili kuliko nguvu. Usukani uko katikati ya tezi, kwa hiyo mashine inakaa pembeni. Geuza kana, yaani mpini wa usukani, mpaka mwisho, pande zote mbili, uone kwamba usukani haugusi pangaboi. Halafu pandisha tanga ukiwa umetia nanga, uipitishe demani, kamba ya kuongozea tanga, kama vile unageuza. Kamba hiyo inapenda kunasa kwenye kichwa cha mashine wakati mbaya, na ikinasa upepo ukiwa mkali huna muda wa kuinasua. Mashine ifungwe kwa kamba yake ya usalama kwenye taruma, yaani ubavu wa mashua, mbali na zile skrubu za mkono, maana hulegea kwa mtikisiko. Ukienda kwa tanga inyanyue. Ukiiacha chini inakupunguzia mwendo, na mashua ikilala upande wake, kichwa kinakunywa chumvi.

Mara za mwanzo usiende mbali: zunguka ndani ya ghuba, kati ya Raskazone na kisiwa cha Toten, maji yakiwa yanaingia. Usisahau kulegeza kizibo cha hewa cha tangi, maana mashine inayozimika baada ya dakika chache huku kila kitu kiko sawa, sababu ni hiyo mara nyingi kuliko zote. Kwenye kopo chukua plagi, spana yake, pini ya pangaboi kama mashine yako ni ya pini, koleo, na kipande cha kamba cha kuzungushia flaiwili, lile gurudumu la juu ya injini.

Ukirudi, iendeshe ndani ya maji baridi ya bomba, kisha ng'oa bomba la mafuta uiache imalize petroli ya kabureta na kuzimika yenyewe. Iache imesimama wima mpaka maji yachuruzike. Baada ya matembezi machache ya hivyo, legeza tena ile skrubu ya gia boksi. Ikitoka safi, endelea. Ikitoka na weupe, sili imekwenda, na mguu unashuka tena.